Beigeli Huamuliwa Kabla ya Maji Kuchemka

Mtu anayetaka kutengeneza beigeli nyumbani siku hizi hakosi maelekezo. Anachokosa ni maelekezo yanayokubaliana. Video moja inamwambia achanganye unga na mtindi, aviringishe, aoke, na nusu saa baadaye ale. Nyingine inataka donge lilale kwenye friji usiku kucha. Ya tatu inatia soda ya kuokea kwenye maji, ya nne inatia asali, na ya tano inaapa kwamba bila maji ya bomba ya New York ni kazi bure. Katikati ya mabishano hayo kuna jambo moja ambalo karibu wote wanalirudia: kinachoifanya beigeli iwe beigeli ni kutokoswa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu huchukua donge laini la mkate wa kawaida, akalitoboa tundu, akalitumbukiza kwenye maji ya moto, akalioka, kisha akashangaa kupata mkate laini wenye tundu na ngozi inayong'aa. Maji yamefanya kazi yake yote. Tatizo lilianza saa nyingi kabla, kwenye bakuli.

Tuanze na maana. Beigeli ni mkate wa mviringo wenye tundu katikati, unaokandwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi, hamira na utamu kidogo, ukaachwa uumuke, ukatokoswa kwa dakika moja au mbili, ndipo ukaokwa. Ukiuma unakutana kwanza na ngozi nyembamba, halafu mnofu mzito unaovutika na kuyapa meno kazi. Donati hufanana nayo kwa umbo tu. Donati hukaangwa kwenye mafuta, donge lake aghalabu lina maziwa, mayai na siagi, na mpishi wake anatafuta ulaini. Mpishi wa beigeli anatafuta kinyume chake.

Yapo maneno manne yatakayorudi mara kwa mara hapa chini. Gluteni ni utando wa protini. Unga mkavu wa ngano una protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana na kuwa kitu kinachonyooka na kurudi, kama mpira wa kufungia nywele. Hamira ni kuvu hai wadogo mno wanaokula sukari na kutoa gesi. Gesi hiyo hunaswa ndani ya gluteni kama pumzi ndani ya puto, na donge likaumuka. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa mpaka ikaota, kisha ikakaushwa. Shira nzito ya kimea cha shayiri ndiyo utamu ambao waokaji wengi wa beigeli wameutegemea tangu zamani. La nne ni asilimia ya mwokaji, hesabu ambayo ndani yake uzito wa unga siku zote ni 100 na kila kitu kingine hupimwa kwa kulinganishwa nao. Ukiwa na unga gramu 500 na maji gramu 280, basi maji ni asilimia 56.

Hiyo asilimia ya maji ndiyo ufunguo wa mambo mengi.

Donge gumu, na ujasiri wa kutoongeza maji

Mkate wa kawaida wa kukatwa vipande huwa na maji ya asilimia 60 hadi 70 hivi. Beigeli hukaa kati ya 50 na 58. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mikononi ni vitu viwili tofauti kabisa. Donge la mkate hulegea, huning'inia, hunata vidoleni. Donge la beigeli husimama pale ulipoliweka, kama udongo wa kufinyangia.

Ugumu huo una kazi. Gesi ya hamira ikitaka kutanuka ndani ya donge laini, inapata nafasi kwa urahisi na kuacha vishimo vikubwa. Mkate unakuwa mwepesi. Ndani ya donge gumu gesi inasukuma ukuta usiotaka kusukumwa, kama mtu anayepuliza puto jipya ambalo mpira wake bado ni mzito. Vishimo vinabaki vidogo na vingi, kuta zake zinabaki nene, na kuta hizo nene ndizo unazozitafuna. Mvutano wa beigeli umetoka hapo. Haukutoka kwenye sufuria.

Ili kuta hizo ziwe imara inahitajika gluteni ya kutosha, na kwa hiyo unga wenye protini nyingi. Usihangaike na majina makubwa yaliyoandikwa mbele ya pakiti. Geuza pakiti usome jedwali la virutubishi. Unatafuta gramu 12 hadi 14 za protini katika kila gramu 100 za unga. Unga wa keki, ambao mara nyingi uko chini ya 10, hautakufikisha. Kama unga ulio nao una 11, unaweza kuongezewa nguvu kwa gluteni kavu, ile inayouzwa ikiwa unga mwepesi wa rangi ya krimu: toa gramu 10 za unga kati ya zile 500, weka gramu 10 za gluteni mahali pake, na protini itapanda hadi kidogo juu ya 12. Nimejaribu njia zote mbili, na kwa kweli unga wenye nguvu tangu mwanzo hukandika vizuri zaidi, ila njia ya pili haina aibu.

Sasa linakuja kosa ambalo nadhani limeharibu beigeli nyingi kuliko makosa mengine yote yakijumlishwa. Mtu anachanganya unga na maji kwa vipimo sahihi, anaona donge limechanika, kavu, lenye vumbi la unga chini ya bakuli. Anaogopa. Anaongeza maji, kidogo tu, halafu kidogo tena. Donge linalainika, mikono inafurahi, na beigeli imeshapotea. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara tatu mfululizo na kila mara nililaumu oveni. Kilichonifungua macho ni mzani: nilipopima maji niliyoongeza, nilikuta nimefika asilimia 65 bila kujua.

Unga unahitaji muda wa kunywa maji. Changanya mpaka usione unga mkavu, hata donge likiwa na sura mbaya, lifunike, ondoka kwa dakika 10. Ukirudi utakuta limelegea lenyewe bila tone la ziada. Ndipo ukande kwa dakika 10 hadi 15 kwa mkono, ukisukuma kwa kiganja na kukunja, mpaka uso wake uwe laini na ukilibonyeza kwa kidole lirudi taratibu. Ni kazi ya mabega, sitaficha. Ukichoka, lifunike tena dakika tano. Gluteni hupumzika pamoja nawe, na ukirudi donge linakutii zaidi. Mwenye mashine ya kukandia aiendeshe kwa kasi ya chini na asikande donge kubwa kwa mara moja, kwa sababu mota nyingi za nyumbani hazikuundwa kwa ugumu huu na hupata joto haraka.

Vipimo vya beigeli nane ni hivi: unga gramu 500, maji gramu 280, chumvi gramu 10, hamira ya chengachenga gramu 4, na shira ya kimea gramu 15. Jumla inakaribia gramu 810, yaani kila beigeli itatoka kwenye donge la gramu 100. Usipopata shira ya kimea tumia asali au sukari ya kahawia. Ladha itabadilika kidogo, mvutano hautabadilika. Nakusihi upime kwa mzani. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kushindilia na kikombe cha unga uliomiminwa vinaweza kutofautiana kiasi cha kuvuruga hesabu nzima, na tumeshaona kwamba donge hili halivumilii hesabu iliyovurugika.

Wapo wanaodhani hamira ikiongezwa beigeli itakuwa bora. Itaumuka haraka tu, ikatanuka kupita kiasi na kupoteza ladha. Gramu 4 ni kidogo kwa makusudi.

Tundu, na mikono miwili ya kulitengeneza

Tundu si pambo. Mkate mzito wa mviringo usio na tundu ungeiva nje huku katikati pakiwa bado pabichi. Tundu huleta joto la maji na la oveni mpaka karibu na kiini, na mkate unaiva sawasawa pande zote. Liliwafaa wauzaji pia, maana beigeli ziliweza kutungwa kwenye kijiti au uzi kama shanga.

Njia moja ni kulifanya donge kuwa mpira, kulitoboa katikati kwa kidole gumba na kulizungusha mpaka tundu lipanuke. Ya pili ni kulinyoosha kuwa kamba ya sentimita 20 hadi 25, kuizungushia kwenye kiganja, kupandisha ncha moja juu ya nyingine kwa sentimita nne hivi, kisha kuviringisha sehemu hiyo ya maungio juu ya meza mpaka zishikane. Ya kwanza ni rahisi. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu kuvuta kamba hupanga gluteni kuzunguka duara zima, na mkate hushika umbo lake vizuri zaidi. Kamba ikikataa kunyooka na kurudi nyuma kila ukiiachia, usishindane nayo. Ifunike dakika tano, shughulikia nyingine.

Kwa njia yoyote, fanya tundu kubwa kuliko unavyodhani inafaa, karibu sentimita tano. Linapungua mkate ukiumuka, linapungua tena ukiokwa. Tundu la sentimita mbili mwishoni litabaki alama kama kitovu.

Usiku kwenye baridi

Baada ya kukanda, donge hupumzika saa moja hivi likiwa limefunikwa, hugawanywa, hufinyangwa, kisha huwekwa kwenye trei iliyopakwa mafuta kidogo, hufunikwa vizuri lisikauke, na kuingia kwenye friji kwa saa 12 hadi 24. Maelekezo mengi ya haraka huruka hatua hii, na beigeli huliwa bila shida. Lakini ukitaka kujua kwa nini beigeli ya mwokaji hodari ina ladha ambayo yako haina, tazama hapa.

Kwenye nyuzijoto nne hivi hamira karibu inalala. Vimeng'enya vya unga havilali kwa kiwango hicho. Vinaendelea polepole kuukata wanga kuwa sukari ndogondogo, huku uchachu mwepesi nao ukijengeka. Hamira iliyopoa haiwahi kuila sukari yote. Asubuhi unakuwa na donge lenye ladha zaidi na lenye sukari iliyobaki, na sukari hiyo ndiyo itakayoipa ngozi rangi ya kahawia oveni ikiwaka. Vile vipele vidogo vya kioo unavyoviona juu ya beigeli nzuri navyo hutokana na huku kulala kwenye baridi. Tena donge baridi ni gumu, linabebeka bila kubonyea, na hilo ni faraja kubwa unapolipeleka kwenye maji ya moto.

Jikoni kukiwa na joto sana, usisubiri saa nzima kabla ya friji. Nusu saa inatosha, kwa kuwa donge litaendelea kuumuka mpaka lipoe.

Utajuaje kama limeumuka vya kutosha? Chukua donge moja, liweke kwenye bakuli la maji ya kawaida. Likielea ndani ya sekunde kumi hivi, lina gesi ya kutosha. Lipanguse, lirudishe, na washa jiko. Likizama na kubaki chini, ziache zote nje ya friji dakika 20 kisha ujaribu tena. Hiki ni kipimo kidogo ambacho kimenitoa kwenye kubahatisha, na sijui kingine kinachosema kweli kwa urahisi namna hiyo.

Maji yanafanya nini hasa

Haya, tufike kwenye sufuria.

Wanga wa ngano ukikutana na maji kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi hunywa maji, huvimba na kupasuka kuwa ute unaonata. Ndicho kinachotokea unapopika wanga wa kunyooshea nguo: maji meupe yanageuka ghafla kuwa mazito yenye kung'aa. Beigeli ikiingia kwenye maji yanayochemka, tabaka lake la nje kabisa hupitia hali hiyo ndani ya sekunde chache. Linakuwa koti la wanga ulioiva, jembamba na laini. Oveni itakapolikausha koti hilo, litang'aa kama kitambaa kilichotiwa wanga na kupigwa pasi.

Koti hilo lina kazi ya pili. Donge lolote likiingia kwenye oveni hupanda ghafla kwa dakika chache za mwanzo, kwa sababu gesi inatanuka na hamira inafanya kazi ya mwisho kabla ya kufa. Beigeli nayo hupanda, ila ngozi iliyokwisha kushikamana inaizuia kupanda sana. Kwa hiyo kutokosa kunalinda uzito ambao donge gumu lilishautengeneza. Kunalinda tu. Donge laini likitokoswa hubaki laini ndani ya koti zuri.

Ukielewa hivyo, hofu kadhaa zinaondoka zenyewe. Watu huuliza kama maji yanayochemka hayaui hamira. Yanaiua iliyo karibu na ngozi. Lakini joto husafiri polepole ndani ya donge, kama yai linavyoganda ute wa nje huku kiini kikiwa bado maji. Katika dakika moja au mbili sehemu ya ndani bado iko mbali na zile nyuzi 55 hadi 60 ambazo hamira hufia, na hasa kama donge limetoka kwenye friji. Wengine huogopa mkate kulowa. Ute wa wanga uliokwisha kuiva ndio unaouzuia usinywe maji zaidi, ilimradi maji yawe yanachemka kweli donge linapoingia. Maji ya uvuguvugu ndiyo yanayolowesha.

Sekunde 30 hadi 60 kila upande zinatosha. Ukizidisha, koti linakuwa nene na ngozi inakuwa ngumu kutafuna. Wapo wanaoipenda hivyo, na ni haki yao. Tumia sufuria pana ili beigeli mbili au tatu zielee bila kusongana.

Na ndani ya maji kuwekwe nini? Kijiko kikubwa kimoja au viwili vya shira ya kimea au asali katika lita mbili za maji huacha utando mwembamba wa sukari unaosaidia rangi. Soda ya kuokea hufanya jambo tofauti: huyafanya maji kuwa na ubesi, yaani kinyume cha uchachu, na ngozi yenye ubesi hugeuka kahawia upesi zaidi kwenye oveni. Kijiko kikubwa kimoja kinatosha. Ukimimina ovyo, ngozi itakuwa na ladha ya sabuni. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachobadili mnofu. Ni mambo ya rangi na ladha ya ngozi, na maji matupu pia hutoa beigeli halali.

Maji ya New York

Imani hii ni ya watu wengi, na ina chembe ya ukweli, hivyo inastahili jibu la heshima. Maji ya bomba ya New York hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye mabwawa ya milima ya Catskill, na ni maji laini, yenye madini machache. Madini kama kalisi na magnesi hukaza gluteni kidogo. Maji yasiyo nayo huilegeza kidogo. Tofauti ipo. Lakini iweke kando ya tofauti ya unga wa protini 10 na wa 13, au maji ya asilimia 65 na ya 55, au donge la saa mbili na donge lililolala baridini, na utaona jinsi inavyofifia. Mwenye donge sahihi na maji magumu atatoa beigeli. Mwenye maji laini na donge lisilofaa hatatoa.

Ushahidi mwingine uko Montreal, Kanada. Huko beigeli ni nyembamba, zina tundu kubwa, ni tamu kidogo, hutokoswa kwenye maji yenye asali na kuokwa kwenye tanuri la kuni. Duka la Fairmount lilianza mwaka 1919 na la St-Viateur mwaka 1957, na wapenzi wao hawajawahi kuyaonea wivu maji ya mtu.

Kwa nini nyingi za dukani ni laini

Sehemu ya mkanganyiko imetokana na historia, maana watu wengi wanafahamu beigeli ya aina moja tu, ile laini ya kufungwa kwenye mfuko, na wanapotengeneza nyumbani hawajui walenge wapi.

Asili ya beigeli ni jumuiya za Wayahudi wa Poland. Inapendwa sana kusimuliwa kwamba ilibuniwa Vienna mwaka 1683, mwokaji alipomtengenezea Mfalme Jan Sobieski wa Poland mkate wenye umbo la kikuku cha farasi, kumshukuru kwa kuwashinda Waturuki. Ni hadithi tamu isiyowezekana. Kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków za mwaka 1610 zinaitaja beigeli, miaka 73 kabla ya vita hivyo. Mjini Kraków yupo pia ndugu yake wa karibu, obwarzanek, mkate wa kusokotwa ambao nao hutokoswa kabla ya kuokwa na ambao unauzwa mitaani mpaka leo.

Wahamiaji waliupeleka ufundi huo Marekani. Mjini New York waokaji wa beigeli walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, Local 338, kilichoilinda kazi kwa ukali. Walifanya kazi kwa makundi ya watu wanne: wawili wa kufinyanga, mmoja wa sufuria, mmoja wa oveni. Kisha, katika miaka ya 1960, mashine ya kufinyanga ya Daniel Thompson ikaanza kutumika, na wenye viwanda wakaweza kutoa beigeli nyingi bila mikono hiyo. Donge gumu huitesa mashine, kwa hiyo donge lililainishwa. Kutokosa kunachukua nafasi na watu, kwa hiyo mahali pengi pakawekwa oveni za mvuke. Mvuke nao huivisha wanga wa juu, ila kwa wepesi zaidi, na ngozi yake haifikii ile ya maji.

Siwalaumu waliofanya hivyo; wamewalisha watu wengi mkate ambao wasingeuona kamwe. Lakini ukijua mlolongo huo utaelewa kwa nini ya kwako, ikitoka sawasawa, inaweza kuonekana ngumu kwa mgeni wako. Haijaharibika.

Ile ya unga na mtindi, yenye beking pauda badala ya hamira, nayo ni mkate mzuri wa haraka kwa asubuhi yenye shughuli. Haina gluteni iliyokandwa vya kutosha, haijaumuka kwa hamira, haijatokoswa. Ningeiita mkate wa mtindi wenye tundu, na ningeila kwa furaha kwa jina hilo.

Oveni, na kusoma makosa

Washa oveni mapema mpaka ifike nyuzi 230. Beigeli zikitoka majini ziweke sekunde chache kwenye wavu zichuruzike, kisha kwenye trei yenye karatasi iliyopakwa mafuta, maana ule ute hushika karatasi kavu kwa nguvu. Ufuta na mbegu nyingine hunyunyizwa wakati huu huu, ngozi ikiwa bado inanata. Vitunguu vikavu viloweshe kwanza dakika kumi, la sivyo vitaungua kabla mkate haujaiva. Oka dakika 18 hadi 22, ukigeuza trei katikati ya safari. Usitoe kwa kuogopa rangi: kahawia ya dhahabu iliyokolea ndiyo yenye ladha. Mwenye kipimajoto atasoma nyuzi 95 hivi katikati ya mnofu.

Zikitoka bapa kama kisahani, ziliumuka kupita kiasi kabla ya maji. Wakati mwingine punguza muda wa nje ya friji. Zikipasuka ubavuni, ziliumuka kidogo mno na nguvu iliyobaki ikatafuta njia. Ngozi ikikunjamana baada ya kupoa, ama zilikaa majini muda mrefu, ama ziliokwa pungufu, ama ziliumuka mno. Zikiwa laini kama mkate wa kawaida, rudi kwenye mzani na pakiti ya unga.

Ngojea dakika 20 kabla ya kukata. Mnofu bado unajikaza. Na usihesabu kwamba kwa kuwa imetokoswa badala ya kukaangwa basi ni chakula chepesi. Beigeli moja ya vipimo hivi ina gramu 62 hivi za unga, karibu sawa na vipande vitatu vya mkate wa kawaida, na zile kubwa za dukani huzidi hapo.

Haina mafuta, kwa hiyo hukauka upesi. Kufikia jioni imeanza kukakamaa. Usiirudishe kwenye friji ikiwa imeokwa, kwa maana baridi ile ile iliyolisaidia donge huufanya wanga uliokwisha kuiva ugande na kukauka haraka zaidi kuliko mezani. Zitakazobaki zikate katikati siku hiyo hiyo, zifunge vizuri, zigandishe kwenye friza. Zikihitajika, kipande kinatoka kwenye barafu moja kwa moja hadi kwenye kibaniko cha mkate, bila kusubiri kiyeyuke.